Wakuu, kamusi ya Kiingereza ya marehemu babu ina mwaka 1828. Ni mali au karatasi ya kufungia maandazi?

#1 Mjukuu wa Karani
Habari za jioni wakuu.

Babu yetu mzaa baba alitutoka mwaka huu, na wiki iliyopita tumemaliza arobaini kule Muheza. Kwenye kugawana vitu, baba mkubwa kachukua baiskeli na redio, baba mdogo shamba la michungwa, mimi nikaambiwa "wewe ndiye msomi" nikabebeshwa sanduku la vitabu. Vingi mchwa wameshavimaliza. Kilichopona ni kamusi moja ya Kiingereza, nene kama tofali la kuchoma. Nilipita nayo buchani kwa jirani tukaiweka kwenye mizani: kilo sita na robo.

Ukurasa wa jina haupo, umechanwa. Mgongoni zimebaki herufi za dhahabu WEBST, basi. Ubavuni imechongwa vitobo vya nusu mwezi vya kuingizia kidole gumba, kila kimoja na herufi yake. Kwenye dibaji kuna mwaka 1828. Nyuma kabisa kuna orodha ya miji na nchi za dunia. Na kitu kingine kidogo: pembeni ya baadhi ya maneno kuna nukta ya penseli. Nukta tupu, hakuna maandishi.

Rafiki yangu kasema Wazungu wanakusanya hizi, nisiiachie chini ya milioni kumi. Naombeni kujua, ni ya 1828 kweli? Na hao wanaokusanya kamusi kuukuu wanazifanyia nini wakati maneno yote yapo kwenye simu?

#2 Chausiku
Pole kwa msiba. Nakaa hapa na karanga zangu.

#3 Dalali wa Posta
Mkuu usihangaike na wajuaji. Laki mbili taslimu, nakufuata ulipo.

#4 Mama Kurasa
Mwanangu, kitu cha urithi hakiuzwi usiku. Nimefanya kazi maktaba miaka 31, nisikilize kwanza.

Mwaka unaoukuta ndani ya dibaji si lazima uwe mwaka wa kuchapwa. Noah Webster, Mmarekani, alitoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, na kila waliomfuata wamekuwa wakiisimulia habari hiyo kwenye dibaji zao. Ile ya 1828 yenyewe ilikuwa juzuu mbili, maneno kama 70,000, nakala 2,500, kwa dola 20. Kwa wakati ule hizo zilikuwa fedha za kununulia vitu vya maana, kwa hiyo haikutoka haraka. Mzee alifariki 1843. Ndugu wawili wachapaji, George na Charles Merriam, wakanunua haki pamoja na karatasi zilizokuwa hazijauzwa, na mwaka 1847 wakatoa toleo la juzuu moja kwa dola 6. Hapo ndipo Webster akaanza kuingia majumbani mwa watu.

Yako ni juzuu moja. Na hivyo vitobo vya kidole vilienea mwishoni mwa karne ya 19. Sisemi zaidi, ila achana na mwaka, tazama maneno. Nitafutie telephone, boycott, radio na television. Ukiipata telephone soma maana yake, usiishie kwenye neno, maana neno hilo lilikuwepo kabla ya simu ya Bell ya 1876, likiitwa vyombo vingine vya kupaza sauti. Halafu kwenye ile orodha ya miji nitafutie Nairobi na Tanganyika.

#5 Fundi Saa
Mama anapima umri wa kamusi kama mchuuzi wa mnadani anavyomfunua ng'ombe meno. Heshima yako mama.

#6 Mchungaji Mtarajiwa
Bwana asifiwe. Mimi ningesema ni ile ya 1828 ila si ya kale. Kuna taasisi ya Kikristo Marekani ilianza mwaka 1967 kuichapa upya kwa kuipiga picha kurasa kwa kurasa, kwa sababu Webster alikuwa anatoa mifano mingi ya Biblia. Chuoni kwetu ipo. Ni juzuu moja, nene vilevile. Babu yako alikuwa mtu wa kanisa?

#7 Baba Zulfa
Nyie mnahangaika na Webster wenu. Mimi nina Johnson nzima, na jalada lake, nimenunua Kariakoo kwenye vile vya kutandaza chini. Shilingi elfu tatu.

#8 Mwanazuo Ubungo
SUBIRINI. Johnson kwa elfu tatu?

Kwa wasiojua: Samuel Johnson, London, 1755. Ndiyo kamusi ya kwanza ya Kiingereza. Juzuu mbili kubwa za kubebwa na mtu mwenye mgongo. Ilipotoka iliuzwa pauni 4 na shilingi 10, zikachapwa kama 2,000 tu. Ukiikuta kamili leo mnadani Uingereza unaongelea maelfu kwa maelfu ya pauni. Baba Zulfa hebu rudia, upo Kariakoo hii hii ninayoijua?

#9 Dalali wa Posta
Baba Zulfa njoo pembeni HARAKA. Mjukuu wewe nisubiri kidogo.

#10 Mbongo wa Croydon
Mwanazuo umeteleza hapo kwenye "ya kwanza". Kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza inayotajwa na wengi ni ya Robert Cawdrey, mwalimu wa shule, ya 1604. Kijitabu cha maneno magumu kama 2,500 hivi, na kwenye ukurasa wa jina kasema wazi kawatungia mabibi na watu wengine wasio na elimu. Nakala ya toleo hilo la kwanza inayojulikana ipo Oxford, maktaba ya Bodleian, kwa hiyo ukiiota ndoto iote ukiwa umelala. Halafu akaja Nathan Bailey mwaka 1721, aliyeuza sana. Johnson mwenyewe alifanyia kazi juu ya kamusi kubwa ya huyo Bailey.

Alichofanya Johnson ni kupanga maana ya neno moja baada ya nyingine, kisha chini yake anakuwekea maneno ya waandishi wenyewe kama ushahidi. Maneno zaidi ya 42,000, dondoo kama 114,000. Wauza vitabu wa London walimpa mkataba mwaka 1746, guinea 1,500 (fedha ya Uingereza wakati ule), akaahidi miaka mitatu. Ikamchukua karibu tisa. Alikuwa na makarani sita, watano Waskochi, na bado kwenye neno "oats" kawaandikia kwamba ni nafaka ambayo Uingereza kwa kawaida hupewa farasi, lakini Scotland ndiyo inayolisha watu.

Nyumba yake ipo mpaka leo, Gough Square, nimeshaingia. Unapanda ngazi mpaka darini walipokuwa wanafanyia kazi. Nje kuna sanamu ya paka wake Hodge amekaa juu ya kamusi, pembeni maganda ya chaza, maana mzee alikuwa akitoka mwenyewe kumnunulia chaza. Watalii wengi wanampiga picha paka na kuondoka bila kuingia ndani.

#11 Chausiku
Kwa hiyo angekuwa anaandika kamusi ya huku: "Kisamvu: majani ambayo kwingine huachiwa mbuzi, lakini Tanga ndiyo inayolisha watu."

#12 Binti wa Chumbageni
Chausiku nimekuona. Kisamvu cha nazi ukionjeshwa utaomba uraia.

#13 Baba Zulfa
Nimerudi, nimeitoa kabatini. Ukurasa wa kwanza pameandikwa A Standard Swahili-English Dictionary, Oxford. Jina la Johnson hili hapa. Mbona mnanitisha?

#14 Fundi Saa
🤣🤣🤣🤣 Jamani Johnson wa Baba Zulfa anajua Kiswahili!

#15 Dalali wa Posta
Mjukuu nimerudi mkuu. Tuliishia wapi?

#16 Baba Zulfa
Kwani Johnson wapo wangapi?

#17 Mama Kurasa
Msimcheke. Johnson wa Baba Zulfa ni Frederick, aliyekuwa katibu wa ile Kamati ya Lugha ya nchi zetu iliyoundwa 1930. Kamusi zake mbili, ya Kiswahili kwa Kiingereza na ya Kiingereza kwa Kiswahili, zilitoka 1939. Tazameni ukurasa wa jina: ameandikwa "marehemu". Hakuiona ikiuzwa. Na hapo hapo pameandikwa kwamba imejengwa juu ya kamusi ya Madan, yule wa misheni ya UMCA, ambaye ya kwake ya Kiingereza kwa Kiswahili ilichapwa Oxford 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza 1903.

Baba Zulfa, geuza ukurasa mmoja uone ni chapa ya mwaka gani. Ilichapwa tena na tena.

#18 Baba Zulfa
Ya miaka ya sitini, mama. Lakini kwa elfu tatu sijapata hasara.

#19 Mwana wa Kisauni
Mimi niko Mombasa na kwa kweli sielewi mtu mweusi kukimbizana na Webster. Kamusi ya kale ya kukusanya kwetu ni ya Krapf, yule mmisionari, London 1882. Krapf alifika Mombasa 1844, mwaka huo huo akazika mke na mtoto hapa, na kamusi ilitoka yeye mwenyewe ameshakufa mwaka mmoja nyuma. Ndani kuna Kimvita cha wazee wetu chenye maneno ambayo leo hata bibi yangu anayasikia kwa mbali. Upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza, kwa hiyo hata hapa uzini inaruhusiwa. Ila mjihadhari, ilipigwa picha na kuchapwa tena miaka ya 1960. Nimeshauziwa hiyo kama "original" na muuzaji mmoja wa mtandaoni. Karatasi nyeupe pee! Nikajilaumu mwenyewe.

#20 Mbongo wa Croydon
Mwana wa Kisauni, weupe wa karatasi nao unadanganya. Karatasi za zama za Johnson zilitengenezwa kwa matambara ya kitani, ndiyo maana kitabu cha 1755 kinaweza kuwa cheupe kuliko cha 1900. Kuanzia katikati ya karne ya 19 wakahamia kwenye rojo la miti, na hiyo ndiyo inageuka rangi ya chai na kukatika ukiikunja. Mjukuu, kunja kidogo pembe ya ukurasa mmoja… hapana, usikunje. Iangalie tu.

#21 Mjukuu wa Karani
Asanteni wote. Majibu ya mama haya hapa, nimetumia tochi na miwani ya marehemu:

Telephone ipo, na maana ni ya umeme kupeleka sauti kwa waya. Boycott ipo. Television haipo. Radio kama chombo cha kusikilizia haipo. Nairobi HAIPO kabisa. Tanganyika ipo ila ni ziwa tu. Zanzibar ipo.

Mchungaji, babu alisoma misheni ila kazi yake ilikuwa ukarani, kwanza kwenye mashamba ya mkonge, baadaye ofisi za serikali.

#22 Mama Kurasa
Basi 1828 tumeizika, na ile ya kupigwa picha ya Mchungaji nayo tumeizika, maana 1828 haina simu ya umeme. Boycott, yaani kususia, ni jina la mtu, wakala wa mashamba kule Ireland, likawa neno mwaka 1880. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Tanganyika ilipewa kuwa jina la nchi 1920. Mimi naona ni ile waliyoiita International, iliyotoka 1890.

#23 Mwanazuo Ubungo
Mama kwa heshima zote, nakupinga kidogo. Umethibitisha mwaka wa kuandikwa, hujathibitisha mwaka wa kuchapwa. Wachapaji walikuwa na mabamba ya kuchapia, wanatumia yale yale miaka na miaka, na orodha za miji ndizo zilizokuwa za mwisho kurekebishwa. Inaweza kuwa imechapwa 1905 na bado Nairobi haimo.

Pia hatujui kama ni ya Merriam. Haki ya toleo la 1847 ilipokwisha mwaka 1889, wachapaji wengine walilichapa kwa bei ya kutupa, wakaongeza maneno mapya pembeni. Jina Webster halina mwenyewe, yeyote anaweza kuliweka mgongoni.

#24 Mama Kurasa
Hapo umesema, Mwanazuo. Bila ukurasa wa jina tutabaki kubishana. Mjukuu, angalia chini ya kurasa za mwanzo kama kuna jina Merriam au Springfield, mji wao.

#25 Mjukuu wa Karani
Kurasa za mwanzo zimeliwa pembe zote za chini. Nimeona "…field" lakini inaweza kuwa neno lolote.

#26 Dalali wa Posta
Kwa mwenendo huu elfu hamsini. Nafanya kwa ajili ya marehemu.

#27 Inama Usome
Sasa wadau, salamu kutoka Nairobi. Kwa swali la pili la mleta mada, la kwa nini watu wakusanye. Mimi nina kumi na saba, karibu zote za wale wa "inama", unainama kando ya barabara unachambua. Nijibu kwa kisa.

Merriam walitoa Webster ya toleo la pili mwaka 1934, mnyama wa maneno 600,000. Ukurasa wa 771 kuna neno "dord", maana yake eti ni uzito wa kitu kwa ujazo wake, katika fizikia. Hakuna neno kama hilo duniani. Mhariri wa kemia alituma kikaratasi kusema kwamba herufi D, kubwa au ndogo, inaweza kuwa kifupi cha "density". Ameandika "D or d". Mtu akazisoma zikiwa zimeshikana, likawa neno, likapewa na matamshi. Mpaka 1939 ndipo mhariri mmoja akashangaa mbona halina asili. Kuliondoa ikachukua miaka mingine tena.

Yangu nilikuwa nayo miaka minne naitumia kuzuia mlango. Siku niliyosoma kisa hiki nilitoka kazini mbio. Ukurasa 771, lipo! Hakuna simu itakayokuonyesha dord kama neno halali. Mkuu, ndiyo sababu.

#28 Fundi Saa
Miaka minne unazuia mlango na dord 😂

#29 Karume wa Forodhani
Mie niongeze hapo. Wale wa Oxford nao wana kisa chao. James Murray alianza kuihariri kamusi yao kubwa mwaka 1879, akajenga kibanda cha mabati uani, watu kila pembe wakawa wanamletea vikaratasi vya maneno. Mmoja aliyeleta maelfu alikuwa daktari Mmarekani, William Minor. Siku Murray alipokwenda kumtembelea akakuta jumba kubwa, akadhani ndiye mkuu wa pale, kumbe ni mgonjwa wa akili aliyefungwa kwa kuua mtu!

#30 Mbongo wa Croydon
Karume, Minor ni kweli, alikuwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili, alimuua mtu Lambeth, London, mwaka 1872. Lakini hiyo ya Murray kushtukia mlangoni ni chumvi ya magazeti. Murray alishajua hali yake kabla hajakwenda.

Kinachowaua wakusanyaji wa Oxford ni kwamba haikutoka mara moja. Ilitoka vipande vipande kuanzia 1884, A mpaka Ant, hadi 1928. Murray alifariki 1915 kazi haijaisha. Wapo wanaotafuta vile vipande vyenye majalada ya karatasi, kimoja kimoja. Mwenye haraka atafute ile ya 1933, juzuu kumi na mbili na nyongeza moja. Mimi sina hata chumba. Ninayo ile ya 1971, kurasa nne zimepunguzwa zikawa moja, juzuu mbili ndani ya kasha lenye droo ya kioo cha kukuzia. Mke wangu anakitumia kioo kutolea miiba ya samaki kwa watoto.

#31 Karume wa Forodhani
Chumvi hiyo hiyo ndiyo tamu.

#32 Mwalimu Mstaafu Songea
Vijana mnasahau kamusi iliyotulea. Hornby. Nyie mnaijua kwa majina ya sasa, lakini aliitunga Tokyo akifundisha Kiingereza huko, ikachapwa Japani 1942 katikati ya vita, Oxford wakaitoa upya 1948. Ndiyo ya kwanza kunionyesha kwamba kitenzi cha Kiingereza kina sheria za nini kikifuate. Tulikuwa nayo moja darasa zima, imefungwa mnyororo kwenye dawati la mwalimu. Ningeipata ile ile na mnyororo wake ningeinunua kuliko Johnson yeyote, wa London au wa Kariakoo.

#33 Baba Zulfa
Mwalimu na wewe?

#34 Binti wa Chumbageni
Swali la kiutendaji. Mjukuu yuko Tanga, unyevu wa huku tunaujua, viatu vinaota ukungu kabatini. Atatunzaje? Mama mkwe wangu huweka majani makavu ya mwarobaini kwenye sanduku la kanga.

#35 Karume wa Forodhani
Karafuu. Kiganja kimoja kwenye kitambaa. Unguja tumehifadhi misahafu hivyo.

#36 Mama Kurasa
Karafuu ina mafuta, ikigusa karatasi unapata doa lisilotoka. Mwarobaini sina ugomvi nao ila usiweke katikati ya kurasa. Muhimu: ilazwe, isisimamishwe, maana kilo sita zikisimama zinang'oa mgongo. Isikae sakafuni wala kugusa ukuta. Selotepu marufuku, gundi yake inakula karatasi. Jua la kuanikia mpunga si la kuanikia kitabu. Na usimpe fundi aijalidi upya mpaka tujue ni nini, jalada kuukuu ni sehemu ya ushahidi.

#37 Karume wa Forodhani
Misahafu yetu ina miaka mia na karafuu zake, mama.

#38 Inama Usome
Hakuna aliyegusa nukta za penseli. Mleta mada, tutajie maneno yenye nukta.

#39 Mjukuu wa Karani
Nimefungua ovyo ovyo: abscond, acre, affidavit, ambush, bail, beacon, boundary, carbuncle, cattle, colic, deed, drought, eclipse, forge, guardian, heir, hoof, lease, measles, oath, orphan. Nukta ni nyingi A mpaka M, zinapungua, na baada ya "patience" sijaona hata moja.

#40 Mkalimani wa Kisutu
Hii ni wazi kwangu. Bail, affidavit, oath, heir, deed, boundary, lease: yote maneno ya kesi na mali. Babu yako alikuwa akikalimani mahakamani, au alijiandaa kwa mtihani wa ukalimani. Karani wa serikali zamani alikuwa kila kitu.

#41 Mwalimu Mstaafu Songea
Na carbuncle (jipu) je? Colic (msokoto wa tumbo)? Hoof (kwato)? Huyo alikuwa anajifunza neno moja kwa siku. Sisi tulifanya hivyo. Unafumba macho, unatupa kidole, neno ulilolipata unalitumia siku nzima mpaka wenzako wakuchoke.

#42 Mwanazuo Ubungo
Wakuu mnaonaje hii: Samuel Johnson alipokuwa akiandaa kamusi alikuwa anasoma vitabu na penseli mkononi, anapigia mstari neno analolitaka, makarani wake wananakili. Je, babu hakuwa akitunga kamusi yake mwenyewe? Labda ya Kibondei!

#43 Mbongo wa Croydon
Johnson alikuwa akiweka alama kwenye vitabu vya waandishi wengine ili apate ushahidi. Lakini nakiri nimeipenda.

#44 Mchungaji Mtarajiwa
Heir, orphan, oath, drought, measles, ambush, cattle. Jamani hayo ni maneno ya Agano la Kale. Alikuwa anatafsiri mahubiri.

#45 Mkalimani wa Kisutu
Mchungaji, surua ipo wapi Agano la Kale?

#46 Mwana wa Kisauni
Nani kawaambia nukta ni za babu? Kitabu cha 1890 na kitu kilishapita kwa wamisheni au bwana shamba wa mkonge kabla ya kumfikia. Mimi naona ni Mzungu mmoja mpweke anacheza mafumbo ya maneno ya gazetini, mvua imemfungia ndani.

#47 Chausiku
Au penseli ilikuwa ikimtoka mkononi akisinzia.

#48 Mama Kurasa
Mjukuu, bibi yupo?

#49 Mjukuu wa Karani
Yupo mama. Nimempigia sasa hivi. Kasema kamusi ile aliikuta kwa babu walipooana, na yeye alichokuwa akiijulia ni kwamba suruali ya kazi ililazwa chini yake kila usiku ili ipate mkunjo. Nikamuuliza nukta. Kacheka sana, akasema, "Babu yako kila jioni alikuwa akisoma na kusikitika peke yake." Nikamuuliza akisikitikia nini. Akasema yeye hakuwahi kuuliza, mwanaume akisoma hasemeshwi.

#50 Mwalimu Mstaafu Songea
Neno moja kwa siku. Nilisema.

#51 Mkalimani wa Kisutu
Kusikitika? Hiyo ni kesi ya shamba, mwalimu. Muulizeni baba mkubwa ile michungwa ilipatikanaje.

#52 Dalali wa Posta
Elfu ishirini, pamoja na nukta zake. Ofa ya mwisho.

#53 Mjukuu wa Karani
Siuzi mkuu, samahani kwa usumbufu. Nimeanza kuziandika nukta zote kwenye daftari kwa mpangilio. Nimefika C. Nikimaliza nitaweka orodha nzima hapa mgombane vizuri.

#54 Baba Zulfa
Ukifika J nitazamie Johnson wapo wangapi.